Mizani ya Baba Mkwe (Sehemu ya Tisa)

Shuka lilianguka sakafuni, na Rhoda akashika ukingo wa meza asije akaanguka nalo.

Msomaji, wewe uliyenuna wiki nzima kwa sababu tuliishia pale mgonjwa alipoanza kujifunua kichwa, haya, mtazame sasa. Si jambazi. Wala si yule mchumba wa zamani wa Lamadi uliyekuwa ukimwombea arudi. Ni mzee mrefu, mkavu, macho yamezama kwa kukosa usingizi. Ni baba yake Dastan, mume wa Rhoda. Baba mkwe!

Jina lake mimi nalijua. Lakini Rhoda hakuwa amelitamka tangu siku alipoolewa, na kwa heshima yake nasi tulihifadhi kwanza. Kwa Wasukuma wa Bariadi, mkamwana hamtaji baba mkwe jina, hamtazami usoni, na hakai naye chumba kimoja wakiwa wawili. Na Rhoda alikuwa nesi wa magonjwa ya akili, peke yake katika hospitali ile. Kazi yake yote ilikuwa kukaa na mtu chumba kimoja na kumwuliza yaliyo moyoni.

Aligeukia ukuta upesi, akapiga goti, akamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," mzee aliitikia, akimwita mama kama ilivyo desturi.

"Umekosea mlango, baba. Chumba cha macho ni kile cha mwisho."

"Sijakosea."

"Basi nikuitie tabibu Gilbert. Ni mwanaume mwenzako, atakusikiliza vizuri."

"Gilbert anakunywa bia na mwanangu," mzee alisema. "Nakutaka wewe. Sikuja kwa mkwe. Nimekuja kwa nesi."

Kule Dodoma alikosomea, Rhoda alifundishwa kwamba ndugu hatibiwi na ndugu. Alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini kwa pembe ya jicho aliona mzee amekumbatia magoti kama mtoto anayesikia baridi, akayameza maneno yale. Alimhurumia mno.

Sasa lazima nikueleze namna Rhoda alivyofanya kazi. Huku kwetu hakuna anayekuja hospitali akasema ana huzuni. Anasema kichwa, anasema tumbo linawaka, anasema moyo unakimbia. Ukimkazia macho na kumhoji, anafunga mdomo na kuomba sindano. Kwa hiyo Rhoda aliweka ungo wa choroko mezani. Kila aliyeingia alipewa achambue, atoe mawe na mbegu mbovu. Mikono ikishapata kazi na macho yakishaangalia chini, mdomo huanza wenyewe. Mganga mkuu aliwahi kuuliza kama huyu nesi anapika kazini.

Rhoda alisukuma ungo mbele ya mzee bila kumtazama. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya saruji chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Baba, mimi humo simo," alisema. "Ongea na choroko."

Halafu choroko zikaanza kulia kwenye ungo, taratibu. Mzee aliyemiliki ng'ombe wa kutosha kuoa mara nyingine alikuwa anachambua choroko kama bibi harusi.

"Siku ya kununua pamba kule Dutwa," alianza, "nikisikia tu mnyororo wa mizani unalia, moyo unaanza kudunda. Mikono inapoa. Pumzi inakatika. Najua kabisa nakufa. Nakimbilia vichakani mpaka ipite, halafu narudi nyumbani kama mwizi. Sasa hata nyumbani imenifuata. Sili. Silali. Mama yenu anasema nimetupiwa kitu."

"Moyo ulipimwa?"

"Nilikwenda Maswa. Wakasema mzima kuliko wa kijana. Ndiyo nikaogopa zaidi, mayu. Moyo mzima unakimbia nini?"

"Unakimbia kama ng'ombe aliyesikia fisi," Rhoda alisema. "Fisi akiwepo, mbio hizo ndizo zinamwokoa. Wako umezoea kukimbia hata fisi asipokuwepo. Na kila ukikimbilia vichakani, unauambia moyo kwamba fisi alikuwepo kweli."

Choroko zilinyamaza. Mzee alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa hilo hufi. Vuta pumzi pole pole. Sasa itoe ndefu kuliko ulivyoivuta, kama unampulizia mtoto uji wa moto. Tena."

Alimsikia akipuliza. Mara kadhaa. Pumzi ilikuja ikikwama, halafu ikaanza kutulia. Ndipo Rhoda akauliza lile swali ambalo hakuna mkamwana aliyewahi kumwuliza baba mkwe.

"Baba, unawaza kufa?"

Mzee aliusukuma ungo kando.

"Kuna jioni nilikwenda lambo la ng'ombe," alisema.

"Kunywesha?"

"Sikuwa na ng'ombe."

Rhoda alifunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka na hakutaka mzee ayasikie. Alipopata sauti alimtaka ahadi: wazo lile likirudi, kabla ya kwenda popote, aje kwanza dirishani hapa. Na mama mkwe, Nyanjige, aambiwe hilo moja tu la lambo, ili mzee asiachwe peke yake jioni. Mzee alikubali kwa shida. Kumbuka hilo la kumwambia mama, msomaji. Lilikuwa jambo sahihi, na litatuumiza.

"Na hiyo mizani," Rhoda aliuliza. "Ina nini?"

"Imeguswa."

Alieleza kwa sauti ya chini. Miaka mingi alikuwa mpimaji wa chama cha ushirika, na wakulima waliamini jicho lake. Serikali ilipowafungulia milango wanunuzi binafsi, Dastan akapata uwakala wa kampuni moja, akamwomba baba yake asimame kwenye mizani yake. Wakikuona wewe, alisema Dastan, wataleta. Na kweli walileta, baiskeli kwa baiskeli.

"Siku moja mkono wangu ukakataa. Nilinyanyua gunia, nikasoma mshale, nikajua haviendani. Springi imekazwa. Mizani inakula pamba ya watu, na mimi ndiye nasoma kwa sauti. Halafu wananiambia wabeja, baba. Wabeja! Wananishukuru, mayu."

"Nani aliigusa?" Rhoda aliuliza, na papo hapo akatamani angenyamaza.

"Mumeo."

Ukuta nyuma ya mgongo wake ulikuwa na joto la jua, lakini Rhoda alihisi baridi.

"Kwa nini umeniambia mimi?" alinong'ona. "Baba, kwa nini mimi?"

Na mzee akacheka, kicheko kidogo kikavu. "Nilitafuta mtu asiyeweza kunisema. Padri ana wapishi. Mama yenu ana dada zake. Nikakukumbuka wewe. Hata ukitaka kunisema, utaanzia wapi? Jina langu huwezi kulitoa mdomoni."

Jioni ile Rhoda aliingia nyumbani kwake akaona kila kitu upya. Mabati mapya yaliyong'aa. Makochi. Pikipiki ya Dastan ukumbini ikiwa imefunikwa kitambaa. Aliona aibu hata ya kukalia kochi. Alimpenda mume wake, tusimsingizie, na ndiyo maana alichukia hivyo.

Lakini alinyamaza. Ya chumba chake cha kazi hayakuwahi kuvuka kizingiti, na hayangeanza kuvuka leo.

Wiki zilizofuata, mzee alikuja akakaa ndani na ungo, Rhoda akakaa nje na ukuta. Alimweleza kwamba watapanda ngazi, moja baada ya nyingine, na hakuna kuruka. Kwanza apite soko la Dutwa siku isiyo na pamba, asimame mpaka moyo uchoke wenyewe kukimbia. Alipita. Akarudi amelowa jasho, anatabasamu. Kisha apite siku ya pamba, kwa mbali, bila kukimbia. Alikimbia. Akarudia. Mara ya pili alisimama.

Ngazi iliyofuata ndiyo iliyochekesha kliniki nzima. Kule wanakopimiwa watoto kulikuwa na mizani ya kuning'inia, ndoano chini, mshale usoni, ndugu kabisa wa mizani ya pamba. Rhoda alimwomba nesi mwenzake Flora amruhusu mzee mmoja asaidie.

"Mzee gani?" Flora aliuliza.

"Huyo hapo."

"Huyu si baba yake..."

"Huyo hapo," Rhoda alirudia.

Mtoto wa kwanza alipotundikwa kwenye ndoano, mzee alijishika kifua. Uso ukawa wa majivu. Akapiga hatua nyuma kuelekea mlangoni. Rhoda, aliyesimama upande wa pili wa pazia, akaanza kupuliza uji wake wa moto, kwa sauti. Mzee akasikia. Akapuliza naye. Mtoto naye akalia kwa nguvu zake zote, na akina mama wakacheka.

"Soma, babu! Mwanangu kanenepa?"

Mzee alinyanyua kichwa. Akasoma mshale. Sauti ilitoka imara, sauti ile ile ya mpimaji wa ushirika, na wanawake wakapiga vigelegele. Rhoda nyuma ya pazia alifurahi hadi akacheka peke yake. Siku ile mzee alikula ugali kwenye kantini ya hospitali.

Tungeishia hapo, ingekuwa hadithi tamu. Haiishii hapo.

Alhamisi, Dastan alirudi mapema, akanawa mikono, akaketi mezani na sura ya mtu aliyekuja kununua kitu.

"Mke wangu, baba amechanganyikiwa."

Rhoda aliendelea kupakua mlenda.

"Anaongea peke yake. Wewe ni mtaalamu. Sema neno moja tu kwa mganga mkuu, gari la hospitali limpeleke Dodoma, kwenye hospitali ya akili, akapumzike mpaka msimu uishe."

"Kwa nini mpaka msimu uishe?"

Dastan alijifuta tena mikono. "Nimesema tu."

"Kwa nini msimu, Dastan?"

"Alikuja kwako. Flora kaniambia. Alisema nini?"

"Wanaokuja kwangu wanachambua choroko."

"Mimi ni mumeo!"

"Na ukiugua wewe, nitakuficha vivyo hivyo."

Alimtazama mkewe. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtisha Rhoda.

"Baba alionekana anataka kujizamisha lamboni," alisema pole pole. "Mganga mkuu akisikia hilo, hatamhitaji nesi. Jumatatu nampeleka mwenyewe. Na mwendawazimu akisema lolote kuhusu mizani, nani atamwamini?"

Mwiko ulimdondoka Rhoda mkononi. La lambo alikuwa amelijua mtu mmoja tu zaidi yao: mama Nyanjige. Na mama Nyanjige, kwa hofu ya mke anayempenda mumewe, alikuwa amekimbilia kwa mwanawe mkubwa, Dastan. Rhoda alimlinda mzee kwa mkono mmoja, na kwa huo huo akamkabidhi. Hakulala vizuri.

Ijumaa asubuhi mzee alikuwa dirishani hata kabla ya wagonjwa.

"Baba, Jumatatu usipande gari lolote kabla hujaniona," Rhoda alisema kutoka nje. "Sina zaidi la kukuambia. Ila usipande."

"Sawa." Choroko zililia kidogo. "Ngazi ya mwisho ni ipi, nesi?"

"Ile unayoiogopa kuliko zote. Hiyo mimi sikuchagulii."

"Na nikiijua?"

"Usiiendee peke yako."

"Kesho ni siku ya pamba Dutwa," mzee alisema, kana kwamba anasema habari za mvua. Akainuka, akaaga, akaondoka wima kuliko alivyokuja.

Ilimchukua Rhoda mpaka Jumamosi, akiwa anafua, kuelewa alichoambiwa. Aliacha nguo kwenye beseni. Alikimbia stendi na sabuni viganjani, akadandia basi la kwenda Lamadi, lipitalo Dutwa, akamsihi kondakta asisimame simame njiani. Kondakta alisimama kila mahali.

Dutwa ilikuwa imejaa. Baiskeli zimebeba pamba mpaka waendeshaji hawaonekani, wanawake wamekalia magunia, na katikati, chini ya banda la mabati chakavu, mizani ya Dastan ilining'inia kwenye mnyororo. Mbele yake alisimama baba yake, na miguuni pake mfuko wa saruji, mpya, haujafunguliwa, umefungwa kamba ya kutundikia.

"Jilala," mzee alimwita mwenyekiti wa soko, "saruji hii ina kilo ngapi?"

Jilala alishangaa. "Hamsini, mzee. Saruji yote ni hamsini. Hata mtoto anajua."

"Nataka kuitundika."

Watu walianza kusogea. Waliokuwa wanabishana wakaacha. Waliokuwa wanauza karanga wakaacha karanga. Dastan akaruka mbele ya ndoano, mikono wazi, anacheka kicheko cha kulazimisha.

"Jamani, samahanini! Baba ni mgonjwa. Mgonjwa wa akili! Anatibiwa hospitali, Jumatatu tunampeleka Dodoma." Macho yake yalipita juu ya vichwa, yakamwona aliyekuwa anapenya kwa viwiko, shati limelowa sabuni. "Mke wangu huyo hapo, ndiye nesi wake. Mwulizeni! Rhoda, waambie. Huyu ni mzima au si mzima?"

Soko zima likamgeukia.

Unaona mtego, msomaji? Akisema ni mgonjwa, mizani imeshinda na mzee anakwenda Dodoma. Akisema si mgonjwa, ametoa hadharani siri ya chumba chake, na kesho hakuna mtu wa Bariadi atakayegusa choroko zake tena. Akinyamaza, watu watafanya hesabu yao wenyewe.

"Kazini kwangu," Rhoda alisema, "mimi sina mdomo, Dastan. Hata kwako."

"Mmesikia? Hawezi kukataa!"

Mnong'ono ukapita. Mwendawazimu. Maskini, mzee wa watu. Mtu mmoja akacheka. Na Rhoda akaiona: mikono ya mzee imeanza kutetemeka. Uso wa majivu. Kifua kinapanda na kushuka haraka. Akaachia mfuko wa saruji. Akageuka, watu wakampisha njia, wakimwogopa, na njia waliyompisha ilielekea nje ya soko, ikapita vichakani, ikashuka lamboni.

Alipiga hatua. Akapiga nyingine. Akaanza kukimbia.

Rhoda alipuliza, lakini katika kelele zile nani angesikia pumzi? Alisema "baba", na wazee wote wa Dutwa wanaitwa baba. Alijaribu tena. Mzee hakugeuka.

Ndipo Rhoda, mke wa Dastan, akasimama juu ya gunia la pamba la mtu asiyemjua na kupaza sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"LUHAGA!"

Mwanamke mmoja akadondosha sinia. Mama Nyanjige, aliyekuwa amekuja kumfuata mumewe, akajifunika uso kwa khanga. Mkamwana amemtaja baba mkwe! Sokoni!

Luhaga alikuwa amesimama. Mgongo wake tu ulionekana.

"Luhaga," Rhoda alisema tena, sasa taratibu, machozi yakimtiririka bila aibu. "Fisi hayupo. Usikimbie. Puliza."

Mabega ya mzee yalipanda, yakashuka pole pole. Yakapanda, yakashuka. Hakuna aliyesogea. Kisha akageuka na kurudi njia ile ile, mpaka kwenye saruji yake. Wakulima wawili wakatoka bila kuitwa, wakamsaidia kuinyanyua. Ndoano ikaingia kwenye kamba. Mnyororo ukalia.

Mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia.

Jilala aliinama. Akajifuta macho, akaangalia tena. "Arobaini na mbili," alisema.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika gazetini. Watu walimkaba Dastan kwa kola, wengine wakashika mnyororo waung'oe. Na katikati ya vurugu ile Dastan, shati limechanika, akamnyooshea baba yake kidole, akapiga kelele kama mtoto anayeonewa.

"Mwulizeni yeye! Mwulizeni nani alinifundisha kukaza springi!"

Mikono iliyoshika mnyororo ikauachia.

Rhoda alimtazama mzee, akingoja akatae. Kataa, baba, aliomba moyoni. Sema anadanganya.

Luhaga hakutetemeka. Kwa mara ya kwanza tangu wawe wakwe, alimtazama mkamwana wake moja kwa moja machoni, naye Rhoda hakuyakwepesha macho yake.

"Ngazi ya mwisho haikuwa mizani, nesi," alisema.

Akavuta pumzi, akaitoa ndefu, akawageukia watu waliomwamini miaka yote ile, na akafungua mdomo.